Alamu ya Corolla ya baba

Corolla 110 ninayoendesha ni ya baba. Ni ya mwaka 1998, nyeupe, injini ya 5A, otomatiki, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na kila mlango unafungwa peke yake. Alipofariki, mama alinikabidhi ufunguo mbele ya wadogo zangu akasema, "Hili gari lisitoke mikononi mwako." Kwa hiyo usiku ule wezi walipolifungua nje ya nyumba, Tabata Kimanga, wakabeba redio, tairi ya akiba na jeki, usingizi ulinipaa siku tatu. Redio inanunulika. Kilichoniuma ni kwamba wangetaka, wangeondoka nalo.

Asubuhi nikaenda kwa fundi aliye jirani na kazini, nikamwambia nataka alamu leo leo. Saa moja na nusu akawa amemaliza. King'ora kikali, taa zinawakawaka, nikalipa nikashukuru. Haraka yangu hiyo ndiyo iliyonigharimu.

Mwezi haukuisha. Nilikwenda Tanga msibani siku tano. Narudi, gari limekufa, hata taa ya ndani haiwaki. Nikachaji betri, wiki mbili mbele likanifanyia vilevile. Hilo ningelivumilia. Lakini siku moja natoka zamu ya usiku, saa moja asubuhi, Barabara ya Mandela karibu na Buguruni, gari likazima nikiwa katikati ya malori ya bandarini. Usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu mguuni. Nililisogeza pembeni kwa mwendo uliobaki huku lori la nyuma linapiga honi. Nikageuza ufunguo, likawaka palepale. Nilikaa pale mikono inatetemeka, sikuweza kuondoka kwa dakika kumi.

Mimi ni mtu wa maabara. Kitu ambacho hakijapimwa bado sijakijua. Nikampelekea gari mzee mmoja fundi umeme, Ilala, ambaye alikuwa akimhudumia baba. Alifunga milango yote, akatoa waya wa hasi kwenye betri, akaunganisha mita katikati, tukasubiri. Mita ikasoma ampia 0.18, gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Akachomoa alamu: 0.02.

"Unaona, mwanangu? Mwizi wako wa kila usiku huyu hapa."

Nilipiga hesabu papo hapo. Ampia 0.18 kwa saa 24 ni zaidi ya ampia-saa 4 kwa siku. Betri yangu ndogo ni ya ampia-saa 35. Kwa siku tano za Tanga zaidi ya nusu yake iliondoka, na betri iliyobaki chini ya nusu, tena iliyochoka, haizungushi stata. Gari la zamani lililopumzika lisivuke ampia 0.05. Yeyote anayekufungia alamu, mwambie apime kabla na baada, mbele ya macho yako. Kazi ya dakika kumi tu.

Kisha mzee akalala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, akaniita nichungulie. Waya mnene unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kuipa injini umeme ulikuwa umekatwa, ncha zake zimesokotwa na waya wa rilei ya alamu, yaani swichi ya umeme ambayo alamu huitumia kulizuia gari lisiwake, zikazungushiwa tepu nyeusi. Joto la Dar limeiyeyusha gundi ya ile tepu, imechuruzika kama asali ya nyuki wadogo, tepu yenyewe imelegea. Akaushika waya kwa vidole viwili, akauvuta kidogo tu. Ukachomoka. Nikaukumbuka mtikisiko wa mashimo ya Buguruni, nikaelewa kila kitu. Fyuzi ya alamu haikuwepo kabisa. Waya wa chanya ulikwenda moja kwa moja kwenye betri.

Naandika haya kwa sababu kila ninayemsikia anauliza alamu gani ni nzuri, lakini hakuna anayeuliza itakata waya upi. Kwa gari letu la zamani swali hilo la pili ni zito zaidi. Rilei ikikata waya wa injini, siku ikiharibika itakuzimia njiani. Ikikata waya wa stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha tu, siku ikiharibika gari halitawaka tu, nawe umeegesha, salama, unaita fundi. Mwizi kwake ni sawasawa: anageuza, kimya. Langu ni otomatiki, halisukumwi likawaka, kwa hiyo stata inatosha. Mwenye gari la manyuo, la gia za mkono, ana kazi ya ziada, maana vijana wawili wakilisukuma linawaka bila stata. Huyo aongeze swichi ya siri kwenye pampu ya mafuta, yenye uwezo wa kubeba umeme wa pampu, na ifungwe na fundi anayelehemu.

Gerezani, Kariakoo, nilizunguka maduka manne. Muuzaji mmoja alinibana sana na seti ya kitufe: ukisogea gari linafunguka lenyewe, unabonyeza, linawaka. "Dada, hii inalirudisha gari ujanani." Nilimuuliza loki ya usukani inakuwaje. Akanyamaza, halafu akasema huwa inatolewa, au unaacha ufunguo mmoja ndani ya swichi. Nikamrudishia boksi lake. Loki ya usukani ni chuma, haitumii betri wala rimoti, na ndiyo kinga ya kweli ambayo Toyota waliiweka ndani ya gari hili tangu mwanzo. Siwezi kulipa fedha ili ing'olewe. Isitoshe, hata magari mapya ya kufunguka yenyewe yana udhaifu wake: Ujerumani, mwaka 2016, chama cha wenye magari cha ADAC kilionyesha jinsi vifaa viwili vya kufikisha mbali mawimbi ya ufunguo vinavyofungua gari huku ufunguo uko ndani ya nyumba. Rimoti ya kubonyeza haitoi kitu mpaka uibonyeze.

Nikachukua alamu ya kawaida yenye sentro loki ya kufunga milango yote kwa pamoja, rimoti mbili, ya namna ambayo msimbo wake hubadilika kila unapobonyeza. Zile za msimbo mmoja usiobadilika ni za bei rahisi, lakini mtu akiunasa mara moja anaurudia na mlango unafunguka. Mojawapo ya mifumo hii ya kubadilika iliyoenea sana duniani, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980. Baadaye watafiti waliweza kuuvunja, ila kwa kazi ya kitaalamu. Kibaka wa Kimanga hana maabara.

Milango ilihitaji mota nne. Ya dereva ina waya tano, kwa sababu ndiyo inayoziamrisha nyingine. Tatu zilizobaki zina waya mbili mbili. Mzee alizipitisha waya ndani ya ile mipira inayounganisha mlango na bodi. Ilimchukua nusu siku, na nilimwona akipaka sabuni ya maji ili ziteleze. Zikipita nje zinakatwa na bawaba baada ya miezi michache. Viungo vyote alivilehemu, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, king'ora akakielekeza mdomo chini kisijae maji. Sensa ya mtikisiko tuliijaribu kwa ngumi hadi ikanyamaza bodaboda zikipita na kulia mtu akigonga kioo. Alamu inayolia ovyo majirani huizoea, na ikilia ya kweli hakuna anayeinuka.

Jumla, vifaa na ufundi, ilinitoka shilingi 185,000. Mita ilisoma 0.03.

Nilimwomba mzee anichoree waya zote kwenye karatasi ya daftari: rangi, zimetoka wapi, zimekwenda wapi. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, ipo nyumbani, si ndani ya gari. Kitasa cha dereva nakitia mafuta kila mwezi, maana rimoti ikifa ufunguo wa baba ndio utakaofungua. Rimoti ya pili iko kwa mama. Jioni nikirudi hunisubiri barazani, anabonyeza yeye, na milango minne inajifunga kwa pamoja.