Laini ya Lushoto

Mwaka 2001 nilikuwa fundi katika duka la kompyuta mjini Tanga. Masika ya mwaka ule daktari mkuu wa hospitali moja ndogo ya misheni, milimani nje ya mji wa Lushoto, alipiga simu dukani. Maelezo yake yalikuwa mafupi: modemu, kile kifaa kinachopitisha intaneti kwenye laini ya simu, ikianza kupiga namba mausi inaganda, na hata intaneti ikishika haikai. Kisha akasema ana picha za eksirei za kiwiko cha mtoto, na anataka bingwa wa mifupa aliyeko Moshi azione kabla ya kuamua kama mtoto asafirishwe au la. Mama wa mtoto hakuwa na nauli ya kubahatisha.

Kesho yake nilipanda basi. Kuanzia Mombo barabara inapanda kwa kona nyingi hadi Soni, na mvua haikukatika njia nzima. Mimi nilikuwa nikitazama nguzo za simu. Nyingine zilikuwa zimeinama kuelekea bondeni, na mahali pengine waya zilipita katikati ya matawi ya mikaratusi. Mtu akikuambia intaneti haikai, na huo ni mwezi wa nne milimani, kutazama waya ni sehemu ya kazi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya prosesa ya zamani ya 486, yenye Windows 95 na kumbukumbu ya megabaiti 16, msaada uliokuja na vitanda na mashuka kutoka Ujerumani. Modemu ilikuwa kadi ya ndani ya 33.6, yaani kasi yake haizidi biti 33,600 kwa sekunde. Nikaanza na mausi, kwa sababu dalili ile naijua. Kwenye mashine za wakati ule, kila kifaa kinachotaka prosesa, ubongo wa kompyuta, ikishughulikie kinapita kwenye njia yake yenye namba, inayoitwa IRQ. Mausi ilichomekwa kwenye poti ya COM1, na modemu ilikuwa imepangwa COM3. Majina ni tofauti, lakini COM1 na COM3 kwa kawaida zinatumia IRQ 4 ileile, kama COM2 na COM4 zinavyogawana IRQ 3. Modemu ikiamka, mausi inakufa. Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi, nikachomoa kadi na kuhamisha jampa zake mbili, vile vipande vidogo vya kuchagua mpangilio, ziende COM2 na IRQ 3. Halafu nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kuzima poti ya pili ya bodi isije ikagombania nafasi hiyohiyo.

Kabla ya kugusa kitu kingine nilifungua HyperTerminal, programu ya kuongea na modemu moja kwa moja, nikaandika AT na kubonyeza Enter. Skrini ikajibu OK. Herufi hizo mbili nazipenda hadi leo. Zinakuambia kompyuta na modemu zinasikilizana, kwa hiyo chochote kitakachoharibika baada ya hapo kiko mbele ya modemu. Mafundi wengi wa enzi zile waliruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kusakinisha Windows upya, wakala siku nzima ya mteja na kumwacha na tatizo lake.

Daktari alitoa kwenye droo kadi nyingine, modemu mpya ya 56K ambayo mgeni alikuwa amemletea. "Dada, si tuweke hii, ina kasi zaidi?" Ilibidi nimweleze kwa nini haifai, na nilitaka aelewe kweli, maana ile ilikuwa zawadi. Kwanza, kadi ile ilihitaji tundu la kadi la aina ya PCI, na mashine yake haikuwa nayo. Pili, ilikuwa ya aina inayomwachia prosesa sehemu kubwa ya kazi ya modemu, na 486 isingeimudu. La tatu ndilo lililomgusa: 56K ni kasi ya kupokea tu. Kutuma, hata kwa modemu ile mpya, kunaishia biti 33,600 kwa sekunde. Na yeye alichotaka ni kutuma.

Akairudisha kwenye droo akisema, "Basi tuendelee na mzee wetu."

Tatizo lililofuata lilikuwa NO DIALTONE, yaani modemu haisikii mlio wa laini. Nikinyanyua mkono wa simu mlio ulikuwepo, lakini modemu ilikuwa imepangwa kuutambua mlio wa Marekani, na wa kwetu haikuutambua. Kwenye mipangilio ya ziada ya modemu niliandika X3, maana yake usisubiri mlio, piga tu. Namba ya kuunganisha intaneti kupitia Dar es Salaam, iliyohifadhiwa kwenye Dial-Up Networking, programu ya Windows ya kupiga namba hiyo, nayo bado ilianza na msimbo wa 051, wakati mji huo ulishahamia 022. Karani wa mapokezi alikuwa akiifuta na kuiandika upya kila akitaka kuunganisha. Nikairekebisha na kuihifadhi, akashusha pumzi.

Modemu ikapiga. Ukiwa umezisikiliza sana, zile kelele za mwanzo zinakupa habari. Modemu mbili zinaamkiana kama wazee wanavyoamkiana huku kwetu, za nyumbani, za watoto, za shamba, na kila swali lazima lijibiwe ndipo mazungumzo yenyewe yaanze. Salamu za siku ile zilivutwa mno. Zilirudi nyuma, zikaanza upya, kisha dirisha likaonyesha 9,600. Kasi hizi hushuka na kupanda kwa hatua za 2,400, na modemu huchagua ile inayoona laini itaibeba. Modemu ya 33.6 inayochagua 9,600 imeshasema laini ni mbovu. Haikupita muda ikakatika.

Nikamwomba karani simu yake. Kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu: nyanyua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja, mlio unakatika, na kwa sekunde chache unasikia laini ikiwa tupu. Laini isiyo na ubovu inanyamaza. Ile ilikwaruza, mkwaruzo mkavu usio na mpangilio, ukipanda kila upepo ulipovuma nje. Nikampa daktari naye asikilize. Alifumba macho kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa, akasema, "Hii imekuwepo tangu mvua zianze. Tulidhani ndiyo kawaida ya huku."

Sikutaka kumwita fundi wa nguzo kabla ya kuwa na hakika kwamba ubovu si wetu. Nikachomoa simu ya mapokezi, ya ofisi ya daktari na ya chumba cha watawa, kisha nikaenda mahali waya wa nje unapoingilia ukutani na kutenganisha waya zote za ndani. Laini isiyotumika hubeba karibu volti 48 kutoka kituo cha simu. Mita yangu ilisoma 37, tena ikiyumba. Umeme ulikuwa unavujia mahali kati ya waya mmoja na mwenzake, na mahali hapo palikuwa nje ya jengo.

Fundi wa simu alipatikana mjini. Alikuwa mtu mzima, mvi kichwani, koti la mvua limechanika begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

Nikamwambia nilichopima. Nilitarajia anijibu kwamba simu yao inaongea vizuri, kwa hiyo laini ni nzima, maana hilo ndilo jibu nililokuwa nimelizoea kwingine. Yeye aliuliza swali moja tu: "Inakwaruza zaidi upepo ukivuma?" Nikasema ndiyo. Akachukua ngazi. "Basi ni kiungio. Maji peke yake yanakwaruza muda wote. Upepo ukiingia ujue kuna kitu kinacheza."

Tulitembea kwenye matope kufuata waya, yeye akishika nguzo na kutazama juu. Chini ya mkaratusi mmoja alisimama. Tawi lilikuwa limeulalia waya na mahali pale pana kiungo cha zamani. Akapanda, akakikata, akanishushia mkononi. Alipobandua utepe mweusi uliokizungusha, maji yalitiririka. Ndani yake waya mbili za shaba zilikuwa zimesokotwa kwa mkono tu, na zilikuwa zimeota kutu ya kijani nene kiasi kwamba ukiparuza kwa ukucha inatoka unga. Sehemu moja ilishikiliwa na nyuzi chache. Sauti ya mtu inapita hapo, sikio la binadamu linasamehe sana. Modemu haisamehi.

Akaunga upya kwa vile viungio vidogo vya plastiki vyenye grisi ndani, unaingiza waya na kubana kwa koleo, maji hayapati pa kupita. Katikati ya kazi mkono ulimruka akatoa sauti. Kumbe kuna mtu alikuwa anapiga simu hospitalini, na simu ikiita waya unabeba umeme mkali kuliko wa kawaida, unamtosha mtu aliyeloa kuujutia. "Mwambie daktari ana mgeni kwenye simu," alisema, akaendelea kubana. Kisha akakata tawi.

Tuliporudi mita ilisoma 48. Nikabonyeza tarakimu moja na kusikiliza: kimya kabisa. Nikarudisha simu zote, ila ya mapokezi nikaihamisha. Ilikuwa sambamba na modemu, na kila mtu aliyeinyanyua alikuwa akiikata intaneti bila kujua. Nikaiunganisha kwa kupitia kwenye modemu yenyewe, kwenye tundu lake la pili, ili modemu ikishika laini simu ile itoke.

Modemu ikapiga tena. Salamu zilikuwa fupi, na dirisha likaandika 26,400. Kwa waya unaopita milima ile sikudai zaidi.

Picha za kiwiko zilikuwa mbili, zimepigwa kwa kamera ya Sony inayohifadhi kwenye diski za floppy, jumla kama kilobaiti 300. Barua pepe huongeza ukubwa wa viambatisho kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo nilimwambia daktari asubiri dakika mbili na ushee asiguse kitu. Barua aliiandika kwanza kwenye Eudora, programu ya barua pepe, bila kuunganisha, kwani simu ya Dar es Salaam ililipiwa kwa dakika. Kisha akabonyeza kutuma. Tulisimama nyuma yake, mimi, karani na mzee wa simu na matope yake, tukiangalia mstari ukisogea hadi mwisho.

Jibu kutoka Moshi lilikuwepo tulipounganisha asubuhi iliyofuata. Mtoto asisafirishwe, akae na plasta ya POP, apigwe picha nyingine baada ya wiki moja. Daktari alitoka na karatasi mkononi kwenda wodini kumtafuta mama wa mtoto.

Kabla ya kuondoka nilimwachia karani daftari la kurasa chache, nikamwonyesha mahali pa kuandika tarehe na kasi kila wanapounganisha. Nilimfundisha pia kile kipimo cha tarakimu moja, na daktari akajifunza pamoja naye. Kasi ya modemu ndiyo inayoonyesha hali ya waya mapema kuliko mtu yeyote, na ikishuka kidogo kidogo kwa majuma, kuna kiungio kinaloana mahali.

Masika yaliyofuata daktari alinipigia Tanga. "Dada, kumeanza kukwaruza. Nimeshamtuma mtu kwa yule mzee wa ngazi." Nikamuuliza walikuwa wakipata ngapi kabla ya mvua. Nikasikia kurasa zikifunuliwa. "26,400," akasoma, "jana 21,600, leo 16,800."