Jumamosi yangu na watoto wa Kadutu: matope, mgomba na maswali

Saa 11 na nusu alfajiri
Mvua imepiga mabati usiku kucha. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mvua ya namna hii ikinyesha, kila mtu anawaza nyumba zilizoning'inia kwenye miteremko. Nami nimewaza hilo, kisha nikakumbuka kazi: leo nina somo la maji na udongo na watoto wa mtaa wa Kadutu, na mitaro itakuwa na maji ya kutosha. Nimekunywa chai haraka, nikavaa buti za mpira.

Saa 1 asubuhi
Soko la Kadutu. Nahitaji shina la mgomba. Mama muuza ndizi ananifahamu. "Mwalimu, leo tena mnaenda kuchezea uchafu?" Ananipa bure, lakini lazima nimsikilize kwanza kuhusu mtaro ulioziba mbele ya meza yake.

Saa 2 na nusu
Watoto wanafika, wa miaka 10 hadi 15. Masharti yetu ni machache: glavu kila mtu, hakuna anayeingia mtoni, na ukiona sindano au kioo unaniita, hushiki. Sipendi zile siku za usafi zenye fulana mpya na bango. Magunia yanajaa, picha zinapigwa, na kufika Jumatatu mtaro ni uleule. Mtoto aliyeokota chupa amejifunza kuinama tu. Nataka ajue chupa ilitoka wapi na ilikuwa inaelekea wapi.

Saa 3
Bidoni tatu za njano za mafuta ya kula, zimekatwa ubavu mmoja, zimelazwa kwa mteremko juu ya matofali. Ya kwanza ina udongo mtupu. Ya pili ina udongo uleule uliofunikwa na majani makavu. Ya tatu ina nyasi tulizopanda wiki kadhaa zilizopita, mizizi imeshashikana. Chini ya kila mdomo tumeweka kikombe cheupe. Msichana mmoja anamwaga maji kwa kopo lililotobolewa, kipimo kilekile kwa zote.

Kikombe cha kwanza kinajaa upesi, maji mekundu mazito. Cha pili yanatoka rangi ya chai. Cha tatu kwa muda hakitoki kitu, watoto wanadhani mdomo umeziba, kisha linaanza tone, tone, karibu safi. Siwaelezi kitu. Wanabishana wenyewe, wanadai turudie, tunarudia.

Halafu kijana mmoja wa nyuma anauliza: "Sasa Mwalimu, sisi tupande wapi? Kwetu nyumba imegusana na nyumba." Swali hilo lina haki. Miti mikubwa haina nafasi pale kwao. Tunazungumza kuhusu kingo za njia na ngazi za udongo, ambako matete yanaweza kushika. Neno matete likitajwa, nusu ya darasa inaamka: kumbe ni chakula cha dende, wale simbilisi wa kufugwa! Anayefuga dende nyumbani hahitaji hotuba yangu.

Saa 5
Kazi ninayoipenda kuliko zote. Shina la mgomba tumelikata vipande, kila kikundi kimeweka alama yake kwa makaa. Mgomba unaelea, na ukipotea unaoza tu. Kundi moja linabaki juu, lingine linashuka hadi karibu na mto Kawa likiwa na simu ya kupimia muda. Vipande vinatupwa mtaroni kwa kelele nyingi.

Vingine vinashuka mbio. Vingine havifiki. Tunapanda juu tukivitafuta na kuvikuta vimenasa nyuma ya rundo la sashe (mifuko ya plastiki) na chupa, maji yamepanda hadi karibu na kizingiti cha nyumba ya watu. Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa mafuriko huanzaje. (Amri ya serikali inayokataza mifuko ya plastiki ni ya Desemba 2017. Sashe zenyewe hazijaisoma.)

Saa 7
Ugali, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani). Huku tunakula nachora chini kwa kijiti: Kawa inaingia Ziwa Kivu, ziwani unatoka mto Ruzizi, na Ruzizi inashuka kutoka mita kama 1,460 juu ya bahari hadi kama 770 inapofika Ziwa Tanganyika. Mporomoko huo ndio uliofanya watu wajenge bwawa la umeme la Ruzizi I, hapa karibu, mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki zinazoelea ziwani zinavutwa huko na kuziba njia ya maji ya mitambo.

"Basi ni sisi tunaojizimia umeme," anasema mmoja. Mwenzake hakubali: "Na za Goma? Na za ng'ambo, Rwanda?" Nampa haki. Ziwa ni moja, na umeme hukatika kwa sababu nyingine pia. Lakini mtaro wa asubuhi ni wetu.

Saa 9 alasiri
Kunawa kwa sabuni, kuhesabu glavu, kuwasindikiza wadogo.

Saa 1 usiku
Umeme hakuna. Naandika ripoti kwa tochi ya simu. Mzazi mmoja ananipigia: shati la mwanawe limekuwa la udongo mtupu, ni masomo gani hayo? Namwomba radhi. Anagomba kidogo, kisha anashusha sauti: hayo matete mtoto anayoyasema, mbegu zake zinapatikana wapi? Namweleza kwamba hupandwa kwa vipande vya shina, aje Jumatano na panga na gunia.