Dadu ya taa: namba sita kwa nyaya nne

Jumamosi. IC (vipande vya sakiti) zote mbili za dadu ya kielektroniki ninayoiunda zimeshakaa ubaoni: 555 ya kutoa mapigo na 4017 ya kuyahesabu. Kwenye 555 nimefunga rizista mbili za kiloomu 10 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, kwa hiyo inapiga mara 480 hivi kwa sekunde. 4017 kikawaida huhesabu hadi kumi. Nimeunganisha mguu wa 5 (wa hesabu ya saba) na wa 15 (wa kuanza upya), basi ikigusa ya saba tu inajirudisha mwanzo.

Kitufe kinashika mguu wa 4 wa 555, ule wa kuiruhusu au kuizuia. Ukibonyeza mapigo yanatoka, ukiachia hesabu inaganda ilipo. Kitufe cha bei rahisi hurukaruka kikibonyezwa, yaani huunga na kukata mara kadhaa, lakini sikuhangaika nacho. Kikiruka kinaongeza mapigo mawili matatu, na kwenye dadu hilo ni jambo jema.

Jumapili. Taa, na hapa ndipo penye utamu. Ziko 7, ila nyaya 7 za nini? Itazame dadu yenyewe: ukiacha nukta ya katikati, nyingine zote hutokea mbilimbili. Makundi ni manne basi: katikati (1, 3, 5), mshazari wa kwanza (2 hadi 6), mshazari wa pili (4, 5, 6), na zile mbili za ubavuni, ambazo ni za 6 pekee. Kila jozi iko mfululizo na rizista yake ya kiloomu 1.

Michoro mingi huupa mshazari wa kwanza dayodi tano (vipitishio vya umeme vya upande mmoja), moja kwa kila namba. Mimi nimeugeuza: chanya yake imekwenda betri, hasi imerudi mguu wa 3 wa 4017. Volti ya mguu huo hupanda kwenye namba 1 tu, na hapo jozi inazimika. Namba nyingine zote uko chini, jozi inawaka. Dayodi za 1N4148 zimebaki sita badala ya kumi na moja.

Usiku. Ukishikilia kitufe taa zote zinaonekana kuwaka kwa pamoja, maana dadu inazunguka mara 80 kwa sekunde. Mpwa wangu anadai inampendelea mama yake. Haiwezi, kila namba inapewa pigo moja, muda uleule.

Kasoro ni 6: mshazari wa pili na ubavu vinafifia, kwa sababu mguu wa 1, ule wa namba 6, unazibeba jozi zote mbili na 4017 haina msuli wa kusukuma mkondo. Nina transista za BC547 mbili za kukuza mkondo kwenye kopo, kila jozi itapata yake. Kulehemu kwa risasi nitafanya baada ya hapo.