Kabla ya kugawa madawati, pima jani la mkulima kwa haki

Nilipoanza kununua majani mabichi ya chai Rungwe ili niyasindike kwa mkono, kila mshauri alikuja na wimbo uleule: tafuta cheti chenye nembo ya nje, toa madawati shuleni, piga picha. Madawati siyakatai. Ila mkulima anayekatwa kilo mbili kila gunia, eti "za gunia na maji", ndiye anayeyalipia hayo madawati, na hakuna aliyemwuliza. Kwa hiyo hela yangu ya kwanza ya "huduma kwa jamii" iliishia kwenye mizani.

Mizani ya kuning'iniza ilinitoka laki na ushee, nikaipeleka Wakala wa Vipimo ikahakikiwa na kubandikwa stika. Lakini stika haimhakikishii mkulima kwamba mizani iko sawa leo hii. Hapo nikaunda dumu la ushahidi, na kwa hili nitajisifu bila aibu. Chukua dumu la lita 20. Usihesabu lita, maana dumu tupu lenyewe lina uzito wa kama kilo moja, na mengi hupokea maji kuzidi lita 20. Litundike kwenye mizani iliyohakikiwa siku hiyohiyo, ongeza maji kidogokidogo mpaka isome 20.0, kaza kifuniko, zungushia nta ya mshumaa, kisha chora mstari wa rangi ya mafuta pale maji yalipofika. Maji yakishuka chini ya mstari, dumu linavuja, tengeneza jingine.

Kila siku, kabla ya gunia la kwanza, dumu hutundikwa na mkulima mwenyewe, karani akiwa amekaa pembeni. Ikisoma 19.6 au 20.3, hatununui mpaka tujue kisa. Mara nyingi ni betri dhaifu, au mzigo umeegemea nguzo badala ya kuning'inia huru.

Gunia tupu la sandarusi, likiwa kavu, halifiki hata robo kilo. Basi hizo kilo mbili zinatoka wapi? Mwaga jani, pima gunia lenyewe, toa uzito huo. Sekunde chache tu.

Maji ya mvua ni ugomvi wa haki zaidi, kwani Tukuyu mvua haina adabu, na nikilipia maji nafilisika. Wengi hukata kwa kukisia. Mimi natumia kipande cha chandarua na mizani ndogo ya jikoni. Chota gramu 500 kutoka katikati ya gunia, si juu ambako upepo umekausha. Funga kwenye chandarua, mwenye jani alizungushe kwa mkono kwa nguvu, kama dakika moja, kisha upime tena. Zikibaki gramu 430, zimetoka 70, yaani asilimia 14. Jani la kilo 15 linalipwa kilo 12.9. Kina mama huzungusha kwa mkono mmoja huku wakinitania kwamba nawafulisha bure, lakini kelele za makato zimekwisha. Usikamue kwa kufinya: jani likichubuka linaanza kuiva kabla ya wakati, na chai inaharibika.

Gunia lisishindiliwe. Jani bichi linapumua na kutoa joto. Likibanwa kwa saa chache, la katikati linakuwa jekundu. Likifika kwangu hivyo baada ya stakabadhi kuandikwa, hasara ni yangu, hata kama gari ndilo lililokwama njiani. Wanunuzi wengine humrudishia mkulima mzigo uliooza, nami sijaelewa wanapata wapi ujasiri huo.

Kuhusu watoto, sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Mimi pia sipokei mzigo ulioletwa na mtoto saa za shule.

Malipo yana mtego wake. Mara nyingi shamba limeandikwa kwa jina la baba, anayechuma ni mama. Wakati wa kusajili nauliza mbele ya wote wawili hela iingie simu ya nani, na namba haibadilishwi mpaka wote wawili waje. Asiye na simu hulipwa taslimu, anasaini au kuweka dole gumba. Karani wa mizani hashiki hela kabisa.