Idi ya Mkopo

Jino la mbele la Nasra lilizama kwenye bwawa la watoto, Idi Pili ya mwaka 2017, na mpaka leo naamini liko kule kule, limenasa kwenye chujio. Alikuwa na miaka saba. Alitoka majini analia, akamwona mwenzake anapanda ngazi za mtelezo wa bluu, akanyamaza, akamkimbilia. Picha zote za siku ile ana pengo, na anacheka katika kila moja.

Ni kiwanja cha michezo ya maji, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Sitakitaja jina, maana bado tunakwenda na sitaki kugombana na mtu getini.

Tulianza mwaka 2015. Mimi, Baba Nasra, dada yangu na watoto wanne. Kiingilio cha mtoto 10,000, mkubwa 12,000, na humo humo unapewa soda. Mitelezo ilikuwa saba na yote inatiririka. Chakula tulibeba wenyewe: hotipoti la pilau, kachumbari, sambusa zilizobaki za Idi Mosi. Mtoto asiyefika mita moja aliingia bure, na pale getini palisimama ubao wa kupimia uliochorwa twiga. Dada alimfundisha mwanawe Idrisa akunje magoti kidogo. Mlinzi alimtazama, akacheka, akamwambia, "Pita, babu."

Hakikuharibika kwa siku moja. Mwaka 2019 alama ya mtoto wa bure ilishushwa mpaka sentimita 90. Idrisa, ambaye kwa wakati huo alikuwa anamzidi twiga mara moja na nusu, alitangaza kwamba mnyama amekatwa shingo. Ikaja Korona, hatukwenda. Tuliporudi 2022 soda imeondoka, boya linakodishwa, chakula cha nyumbani hakiingii, na mtelezo wa bluu umefungwa kamba na kibao cha MATENGENEZO. Kibao kile kimekaa mpaka rangi yake imepauka kuliko mtelezo wenyewe.

Siku iliyonimaliza ni Idi Pili ya 2024, Alhamisi tarehe 11 Aprili. Hapa pana jambo ambalo nilichelewa kuling'amua. Idi hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Tulipoanza ilikuwa Julai, jua la kiasi, hakuna mvua. Miaka tisa baadaye imeangukia katikati ya masika, na masika ya mwaka ule kila mkazi wa Dar anayakumbuka. Mimi nimeshikilia Idi Pili kama vile imeandikwa.

Tukaingia watu tisa, watoto sita na wakubwa watatu. Mtoto 25,000, mkubwa 30,000. Mitelezo iliyokuwa ikifanya kazi ni mitatu, na foleni ya kila mmoja ilizunguka mpaka vyooni. Maji ya bwawa la watoto yalikuwa na rangi ya maji ya mchele. Zaituni, mdogo wake Nasra, aliteremka akatoka na mchubuko mrefu mgongoni, pale vipande viwili vya faibaglasi vinapoungana na ukingo umeinuka. Kijana wa pale bwawani akaniambia, "Mama, mwambie asiserereke kwa mgongo." Nikamuuliza aserereke kwa nini, kwa sikio? Usiku watoto wanne walikuwa na macho mekundu.

Mimi ni fundi cherehani. Daftari la wateja na daftari la nyumba ninayo yote, na risiti situpi. Usiku ule nikakaa nikaandika: kiingilio 240,000, maboya 18,000, makabati mawili 10,000, chipsi kuku za watu tisa 108,000, soda 18,000, usafiri wa kukodi 60,000. Jumla 454,000. Sketi ya shule nashona kwa 15,000. Ni sketi thelathini, na kitambaa sijakitoa.

Nikaenda mbali kidogo, kwa hasira. Mfumuko wa bei nchini kwetu tangu 2016 umekuwa ukicheza kati ya asilimia 3 na 5 na ushei kwa mwaka. Nilimpa Baba Nasra kikokotoo, tukazidisha mwaka mmoja mmoja: ile 10,000 ya mwaka 2015 ingepaa na bei za vitu vingine, mwaka 2024 isingefika hata 15,000. Sisi tumelipa 25,000, kwa mitelezo mitatu badala ya saba.

Nililalamika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Binamu yangu anayeishi Orlando akacheka. Akasema huko kwao, pasi ya kupunguza foleni kwenye bustani za Disney ilikuwa bure tangu 1999, ikaondolewa 2021 ikaja ya kulipia, ikianzia dola 15 kwa mtu kwa siku. Nikamjibu sisi foleni ya bure tunayo tele, tulichokosa ni mtelezo.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Kila mtelezo unahitaji pampu ya kupandisha maji juu, na pampu inakula umeme kutwa nzima, awe anaserereka mtoto mmoja au mia. Vipuri vinatoka nje, na mwaka 2023 dola zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Halafu ukaja mgao wa umeme, ulioshika mpaka mwanzoni mwa 2024. Mwenye kiwanja naye ana daftari lake. Ugomvi wangu naye ni mmoja: kitu kilichokufa kiondolewe kwenye bei, kisiachwe kimefungwa kamba huku nikikilipia.

Kuacha kabisa nilifikiria. Nasra ndiye aliyenizuia, naye hakuomba, aliuliza tu, "Kwa hiyo mama, Idi ni pilau tu?" Nikawaambia watoto: mwakani hatuendi Idi Pili, na mwaka huu nitawarudisha tena mwezi wa sita, siku nitakayoichagua mimi, kwa pesa nitakayoipanga mimi. Nasra akaandika kwenye karatasi "MAMA ANADAIWA IDI MOJA", akaibandika mlangoni mwa friji. Ikawa inaitwa Idi ya mkopo.

Kazi ya kwanza ilikuwa maji, kwa sababu ya yale macho. Jirani yetu anahudumia mabwawa ya hoteli, nikamfuata na sahani ya visheti. Alinifundisha mambo ambayo ningeyajua tangu zamani ningemuuliza. Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, kwenye bwawa inatakiwa miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita, na pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ile harufu kali inayochoma macho, ambayo mimi nilikuwa naisifu nikidhani dawa imetiwa ya kutosha, ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, nguvu imeiishia. Bwawa lililotiwa dawa vizuri halinuki sana. Na kabla ya kipimo chochote, akasema, simama ukingoni utazame chini. Usipoviona vigae vya sakafu, mtoto asiingie, maana hata akizama hamtamwona. Akanipa vijikaratasi vitano vya kupimia, nikavikunja kwenye pochi.

Kisha nikapiga simu kiwanjani. Dada wa mapokezi akaniambia, "Njoo tu mama, kila kitu kipo." Maneno hayo nimeshawahi kuyasikia Kariakoo nikafuata vitenge nikakuta kanga. Nikamwomba namba ya WhatsApp, nikaandika maswali matatu: mitelezo inayofanya kazi ni mingapi na ni ipi, siku za kazi bei gani, na mkubwa asiyeingia majini analipa nini. Jibu lilikuja siku ya pili. Mitelezo minne. Jumatatu hadi Alhamisi mtoto 18,000, mkubwa 20,000. Asiyeogelea 5,000.

Hilo la mwisho lilinikaa rohoni. Miaka tisa mimi na dada tumelipa kiingilio cha kuogelea na hatujawahi kulowa zaidi ya vifundo vya miguu! Kibao chao getini hakiliandiki na sisi hatukuwahi kuuliza.

Jumanne moja mwishoni mwa Juni, shule zimefungwa, tukapanda daladala. Nilifika getini na hotipoti kwa makusudi. Mlinzi akasema chakula hakiingii, nikamwambia najua, naomba kuonana na meneja, na kabla sijalipa naomba nichungulie ndani. Alisita, akaniruhusu. Mitelezo iliyokuwa inatiririka ni mitatu. Ule wa nne ulikuwa mkavu, kuna kunguru ametua juu yake.

Meneja alikuwa kijana mpole, amechoka. "Shikamoo mama, kuna shida gani?" Nikamwonyesha ujumbe wao kwenye simu: minne. Nikamwonyesha kunguru. Akasema kiingilio hawezi kukigusa, bei imo kwenye mashine ya risiti na mashine ni ya bosi. Zamani ningegombana hapo hapo na kuondoka na kilio cha watoto sita. Safari hii nikamuuliza, "Baba, wewe kilicho mkononi mwako ni kipi?" Akafikiri. Maboya yalikuwa mkononi mwake. Kabati pia. Na chakula, kama tutakaa kule nyuma kwenye miembe ambako wateja wengine hawatuoni. Nikakubali palepale.

Tulipoingia nilikwenda moja kwa moja kwenye bwawa la watoto. Vigae sikuviona vizuri. Nikachovya kijikaratasi. Jirani alinieleza kwamba sehemu ya klorini hugeuka rangi; hii ilibaki nyeupe kama ilivyotoka kwenye kopo. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Nikamkabidhi. Alikitazama, akachovya kingine mwenyewe, akasema, "Hawa watu wameniambia wametia dawa asubuhi." Alimwita fundi kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu mpole vile, bwawa dogo likafungwa, na watoto wangu wakahamia kubwa, ambako vigae unavihesabu na kijikaratasi kilikubali. Mtelezo wenye ukingo mbaya niliupitisha kiganja pale kwenye maungio kabla ya Zaituni kupanda; nikamkataza. Alinuna kwa dakika tano hivi.

Tulikula pilau chini ya miembe. Vijikaratasi viwili vilivyobaki nilimwachia meneja.

Hesabu ya siku hiyo: watoto 108,000, Baba Nasra aliyeingia majini 20,000, mimi na dada 10,000, nauli 16,000, pilau na mazagazaga yake 45,000. Jumla 199,000, chini ya nusu ya ile ya Aprili. Watoto walivunja kibubu chao wenyewe wakachangia 22,000, nyingi zikiwa sarafu, kwa hiyo hata hiyo haikunitoka yote. Nasra alibandua karatasi mlangoni mwa friji akaandika nyuma yake IMELIPWA, na tarehe.

Idi ya 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Kiwanjani hatukwenda, kama nilivyoahidi, tukavuka kwenda ufukweni Kigamboni. Pantoni shilingi 200 kwa mtu mzima, maboya ya mipira ya magari ya kukodi ufukweni, mchanga kwenye sambusa. Mvua ilituachia mpaka saa nane. Sitadanganya kwamba watoto walisahau mitelezo. Idrisa alikaa juu ya tuta la mchanga akalitazama kwa huzuni, akaserereka, halikwenda. Na bahari ina kazi yake: hakuna mwokoaji, mkondo unavuta, kwa hiyo wakubwa watatu tulisimama majini kama nguzo za mipaka kutwa nzima. Nililipa pungufu, nikachoka zaidi. Mwaka mmoja huku, mwaka mmoja kule, ndio utaratibu tuliokubaliana, ingawa sijui utashika mpaka lini Zaituni akishapata kauli.

Mwezi wa sita mwaka huo huo yule meneja akanitumia ujumbe. Salamu nyingi kwanza, hali ya afya, hali ya kazi. Kisha: mtelezo wa bluu umefunguliwa, maungio yote yamesagwa upya, na maji ya bwawa la watoto sasa yanapimwa mara mbili kwa siku, karibu sana mama na wajukuu. (Wajukuu! Nina miaka arobaini na mbili.) Nikamwandikia naomba picha ya bwawa dogo, isogezwe karibu, nione vigae.

Picha ikaja. Maji angavu, vigae vinahesabika, mtelezo wa bluu unang'aa nyuma, na mbele kabisa mtoto wa kike amenyanyua mikono juu, anacheka.

Nikaikuza kwa vidole viwili. Nikamwita Baba Nasra aje aangalie. Halafu nikajibu: "Asante mwanangu. Huyo mwenye pengo ni Nasra wangu. Sasa yuko kidato cha pili. Naomba ya leo."