Elfu ishirini na tano ni shilingi ngapi?

Mwulize muuza nyanya wa Buguruni, Dar es Salaam, atakujibu papo hapo: noti mbili za elfu kumi, na nyingine moja ya elfu tano. Mwambie aandike, na huenda ukaona 20005. Kiswahili chenyewe kinaruhusu majibu yote mawili. Sokoni utata haupo, kwa kuwa hakuna bei yenye shilingi tano ndani yake. Vilevile "laki mbili na hamsini" mtaani ni 250,000, wala hakuna anayeuliza.

Ndiyo maana naamini wanakisomo wengi wa Dar es Salaam, yaani watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, wanajua hesabu. Wanachokwama nacho ni namna hesabu hiyo inavyokaa kwenye karatasi. Kisomo chenye manufaa kilipojaribiwa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 1968, vitabu vyake vilihusu pamba, migomba na uvuvi, yaani kazi ya msomaji mwenyewe. Kwa mjini, somo la kwanza liwe bei na chenji.

Kosa la kwanza utakaloliona ukiwafundisha ni 200050 badala ya 2050. Mtu anaandika anavyosikia: elfu mbili, halafu hamsini. Dawa yake ni kadi za kupandanisha. Kata katoni vipande vya kimo kimoja: mamoja upana wa sentimita 3, makumi 6, mamia 9, maelfu 12. Kila kadi ibebe namba kamili, 2000, 300, 50, 4, na kila tarakimu ikae katikati ya sentimita zake tatu. Seti nzima ni kadi 36. Mwanakisomo achukue 2000, aweke 50 juu yake, kingo za kulia zilingane. Hamsini inafunika sifuri mbili za mwisho, inasomeka 2050. Kisha ainyanyue tena aone sifuri zilizojificha chini. Hapo usiseme neno, mwache anyanyue na kurudisha mara kadhaa. Akizilinganisha kushoto atapata 5000. Mwulize kama elfu mbili na hamsini inaweza kuwa elfu tano, atazisogeza mwenyewe.

Kwenye chenji, mtego ni kutoa kwa kukopa. Mzigo ni 3,700, mteja katoa msimbazi, noti ya elfu kumi. Mama aliyekwambia chenji ni 6,300 kabla hujamaliza kuuliza, kwenye daftari anaandika 13,700: sifuri toa saba haiwezekani, basi kageuza, saba toa sifuri. Kukopa kupitia sifuri ni kazi ngumu hata kwa watoto wa shule. Mwandikie njia anayoitumia mdomoni, yaani kujazia: kutoka 3,700 hadi 4,000 ni 300; hadi 5,000 ni 1,000; hadi 10,000 ni 5,000. Jumla 6,300. Kukopa kusubiri mpaka aiamini karatasi.

Kwenye mizani ya kidijitali, 0.25 huonekana kubwa kuliko 0.5 kwa sababu 25 inaizidi 5. Jaza sifuri mpaka tarakimu tatu baada ya nukta: 0.250 na 0.500, ambazo ni gramu 250 na 500, yaani robo na nusu. Ujumbe wa pesa kwenye simu nao una mtego wake: 45,000.00 husomwa milioni nne na nusu. Afunike kwa kidole kuanzia kwenye nukta, asome kilichobaki. Kikokotoo pia huwachanganya waliozoea kupiga simu, maana kule 1, 2, 3 ziko juu, huku juu kuna 7, 8, 9.

Mtu mzima akichanganya 6 na 8, kwanza mwombe ashike daftari mbali, urefu wa mkono. Akisoma sawasawa, shida ni macho na anahitaji miwani ya kusomea. Inasikitisha jinsi wengi wanavyoacha darasa kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya kila hesabu, mwulize kwa heshima: "Mama, wewe ungesema ngapi?" Andika jibu lake juu ya ukurasa. Karatasi ikikataa, mtafute kosa kwenye karatasi kwanza.

Isipokuwa kwenye riba. Hapo mdomo hudanganya. Mkopo wa 200,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, watu husikia 20,000 na kusaini. Chora safu mbili, mwezi na riba, mkopo wote urudishwe mwezi wa sita. Mwezi wa kwanza 20,000, wa pili 20,000, kila mstari aandike yeye kwa mkono wake. Usimjumlishie. Akifika chini ajumlishe mwenyewe: 120,000, na ile 200,000 bado anadaiwa.