Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa sheria, Kampala

Saa 11 alfajiri nimeshaamka, nasoma kabla mtaa haujachangamka. Watu wakisikia nafanya utafiti wa sheria ya kimataifa hudhani navaa joho. Kazi yangu ni karatasi, tarehe na foleni.

Saa 1 katogo na chai. Saa 2 taksi.

Saa 3 niko mbele ya dirisha la ofisi moja, naomba kuona ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. "Mwenye ufunguo hajafika," karani anasema. Hii ni mara yangu ya nne. Barua yangu iligongwa muhuri hapahapa wiki tisa zilizopita.

Saa 4. Saa 5. Benchi ni la mbao, na pembeni yangu ameketi mzee kutoka Hoima, amekumbatia bahasha ya hati za shamba.

"Mwanangu, wewe ni wakili?"

"Hapana mzee, mtafiti."

Namweleza ninachotafiti. Bomba la mafuta ghafi kutoka kwao hadi Tanga, kilomita 1,443. Novemba 2020 mashirika manne yalilipinga katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Novemba 2023 majaji wakaitupa kesi kwa kuchelewa, hoja za mazingira hazijaamuliwa. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inatoa miezi miwili tu ya kufungua kesi.

Mzee anahesabu kwa vidole. "Miezi miwili? Barua yako wewe ina muda gani?"

Wiki tisa. Nimeandika kurasa arobaini kuhusu ibara hiyo na hakuna aliyeniuliza swali zuri kama hilo. Nalinakili daftarini palepale.

Ufunguo unafika baada ya chakula cha mchana. Juzuu la pili halimo. Napiga picha la kwanza, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mgongo unawaka.

Jioni, foleni ya magari, mvua. Usiku, sijui saa ngapi, nafungua maoni ya Jaji Weeramantry wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika kesi ya Hungaria na Slovakia kuhusu mabwawa ya mto Danube, 1997. Akieleza kwamba maendeleo endelevu ni wazo la kale, alitaja mifereji ya umwagiliaji ya Wasonjo na Wachagga wa Tanzania. Watu wetu, katika mahakama ya The Hague! Kila nikifika hapo uchovu hunipungua.

Naandika barua ya tano, kuomba juzuu la pili. Naweka tarehe juu kabisa, kwa wino mzito.